Winta 2025/26 kwa tunaoishi Marekani pembeni ya maziwa ya Erie, Ontario na Michigan: utabiri wa msimu umetoka, tuusome vizuri

Kipepeo716 – Buffalo, New York

Wakuu, salaam.

Utabiri wa winta umetoka mwezi huu wa Oktoba 2025 na tangu hapo magrupu ya WhatsApp hayana amani. Mmoja katuma ramani anasema mwaka huu tunazikwa. Mwingine katuma ramani hiyohiyo anasema mwaka huu mteremko. Nimeona tuuhamishie mjadala hapa, maana kwenye grupu jibu la maana linafunikwa na picha za "asubuhi njema" ndani ya nusu saa. Niko Buffalo tangu kabla ya ile theluji kubwa ya Novemba 2014, naendesha gari la kusambaza mizigo, kwa hiyo theluji kwangu ni suala la riziki.

Kilichosemwa ni hiki. Kituo cha Utabiri wa Tabianchi kilicho chini ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, hutoa mwelekeo wa Desemba mpaka Februari. Mwaka huu La Niña imeshatangazwa, dhaifu, na inatarajiwa kudumu mpaka katikati ya winta. Maana yake maji ya juu ya Pasifiki pale ikweta yamepoa kuliko kawaida. Kwa ukanda wetu wa maziwa, La Niña mara nyingi huvuta njia ya dhoruba ipite karibu, kwa hiyo mizani inaelemea upande wa unyevu kuzidi wastani. Kule nyumbani kazi yake mnaijua: vuli inakuwa haba. Zile La Niña tatu mfululizo, 2020 mpaka 2023, ndizo zilizokausha kaskazini mwa Kenya na Somalia.

Sasa watu wanaruka hapa. Aliyezoea utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) au wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya anaujua mtindo wenyewe: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Mafungu matatu, kila moja linaanza na theluthi yake. Ukiona kwenye ramani asilimia 40 za "juu ya wastani", bado 60 ziko kwenye yale mafungu mawili mengine. Na wanachopima ni maji yote ya msimu, mvua na theluji iliyoyeyushwa kwa pamoja. Hakuna mahali waliposema Lackawanna itapata futi ngapi. Kina cha theluji hawakitabiri kwa msimu mzima, na wenyewe wanasema hivyo wazi.

Hoja yangu: utabiri wa msimu ni mzuri kwa mkulima na kwa kampuni ya gesi. Kwa wewe unayeishi kilomita 15 kutoka ziwani, hautakusaidia kujua kama gari lako litaonekana asubuhi. Hiyo ni kazi ya upepo na ziwa, na inajulikana siku mbili tatu kabla, si miezi mitatu kabla.

Karibuni tujadili. Wa Erie, Rochester, Syracuse, Grand Rapids, hata wa Kanada, leteni ya kwenu.

Baba Shani – Erie, Pennsylvania

Naweka kambi hapa. Wa kwanza.

MamaNeema_GR – Grand Rapids, Michigan

Aksanti sana ndugu. Mimi niko Grand Rapids, ziwa yetu ni Michigan. Nina swali. Kule kwetu Uvira tuko na Tanganyika, ziwa kubwa na ya kina sana, na upepo iko. Juu ya nini ziwa ya huku inatupa theluji na ile yetu haitupi?

Kipepeo716

Mama Neema, swali zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye magrupu.

Kinachotakiwa ni tofauti ya joto kati ya maji na hewa iliyo juu yake. Wataalamu wanatumia kipimo hiki: hewa ya kama mita 1,500 juu iwe na baridi kuliko uso wa ziwa kwa angalau nyuzi 13 hivi. Ikifika hapo, ziwa linaanza kuchemsha hewa kutoka chini. Novemba Ziwa Erie bado lina vuguvugu la kiangazi, halafu hewa ya Aktiki inashuka kutoka Kanada ikiwa chini ya sifuri. Inapovuka maji inabeba joto na unyevu, inapanda, mawingu yanajikusanya, na ikigusa ardhi ya upande wa pili, hasa penye miinuko, inamwaga. Kule Tanganyika maji ya juu yana joto mwaka mzima na hewa nayo ya joto. Hiyo tofauti kubwa haipatikani, na barafu haina pa kutokea.

Lakini usidhani maziwa yetu yamekaa kimya. Ziwa Victoria linafanya jambo la ukoo huohuo. Usiku nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo za nchi kavu zinaingia ziwani kutoka pande zote na kukutana katikati. Radi zinaanza usiku wa manane mpaka alfajiri. Wavuvi wanakufa kwa hilo kila mwaka.

Na umbo la ziwa lina maana kubwa. Erie limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, urefu wa kilomita 388, na Buffalo imekaa kwenye ncha kabisa. Upepo ukija sambamba na ziwa, hewa inasafiri juu ya maji urefu wote huo, mawingu yanajipanga kuwa mkanda mmoja mwembamba. Ni kama mtu kashika mpira wa kumwagilia bustani: ulipoelekezwa panalowa chapachapa, pembeni vumbi. Akigeuza mkono kidogo, zamu ya jirani.

Sangara_Mwanza

Nathibitisha hapo kwa Ziwa Victoria. Mzee wangu alikuwa mvuvi Ukerewe, alikuwa anaangalia radi upande wa katikati ya ziwa kabla ya kushusha mtumbwi. Huku hatuna theluji lakini nasoma uzi wenu kama tamthilia, endeleeni.

Kibarua wa Usiku – Rochester, New York

Mkuu Kipepeo, napinga kidogo. Unaudharau utabiri wa msimu. Winta ya 2023/24 walisema El Niño, ile kinyume cha La Niña, joto litazidi kaskazini. Ikawa hivyo kweli. Bili yangu ya gesi ilishuka, beleshi halikutoka stoo mpaka nikasahau lilipo. Kama wangekuwa wanabahatisha, wasingelenga vile.

Kipepeo716

Sijaudharau kaka, nimesema haujibu swali la mtaani kwako. Na mfano uliouleta ndio unaonisaidia.

Winta ya 2023/24 ilikuwa yenye joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa kwenye yale majimbo 48 ya Marekani, ukiacha Alaska na Hawaii. Barafu kwenye Maziwa Makuu ya huku ilikuwa kidogo mno. Utabiri ulipatia, nakubali. Sasa nikumbushe, katikati ya Januari 2024 mechi ya mtoano ya futiboli ya Kimarekani, Bills wetu wa Buffalo na Steelers, ilichezwa siku gani? Ilipangwa Jumapili tarehe 14. Ikachezwa Jumatatu tarehe 15, kwa sababu mkanda wa theluji ulikaa juu ya Orchard Park, ulipo uwanja wa Bills, na watu wakaitwa waje na mabeleshi kusafisha viti vya uwanja kwa malipo. Hata hiyo Jumatatu mashabiki walikuwa wanakaa katikati ya marundo, wanarusha theluji hewani kila Bills wakifunga.

Na si kwamba ilitokea licha ya winta kuwa ya joto. Kwa sehemu ilitokea kwa sababu ya joto lenyewe. Erie ndilo ziwa lenye kina kifupi kuliko yote matano, wastani wa mita 19 tu. Winta ya kawaida likifika mwishoni mwa Januari limeganda sehemu kubwa, na likishaganda mvuke unakatika, Buffalo inapumua. Winta ikiwa ya joto, ziwa linabaki wazi. Ikija wiki moja tu ya hewa ya Aktiki, risasi zipo tele. Linganisha na 2024/25: Januari ilikuwa kali na karibu Erie lote likafunikwa na barafu. Baridi ya kutoboa mifupa, lakini bomba la ziwani lilikuwa limefungwa.

Ontario ni habari nyingine. Lina wastani wa mita 86 kwenda chini, huwa haligandi lote. Ndiyo maana wa Syracuse na Oswego wanaendelea kupigwa mpaka Machi wakati sisi tumeshaanza kutafuta viatu vya wazi.

Baba Shani

Kwa hiyo tuombe ziwa ligande mapema?

Mjukuu wa Chifu – Syracuse, New York

Baba Shani, usiombe hovyo. Tafuta habari za Januari 1977. Erie lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, watu wakasema afadhali. Theluji ikawa inadondokea juu ya barafu wiki kwa wiki, imelala pale kavu, haina pa kwenda. Tarehe 28 Januari upepo ukaja ukaizoa yote ukaipeleka mjini. Iliyoanguka kutoka mawinguni siku zile ilikuwa kama futi moja tu. Iliyofunika magari na nyumba ilitoka ziwani ikiwa imeshaanguka zamani. Walikufa zaidi ya watu 20 magharibi mwa New York.

Kuhusu kwetu Syracuse: wastani wetu ni zaidi ya mita tatu kwa msimu, tunawazidi Buffalo ambao wako kwenye mbili na nusu kasoro. Ila sisi hatuonekani kwenye habari kwa sababu inakuja kidogokidogo, inchi nne leo, tatu kesho, mpaka mtu anazoea. Upepo wa kaskazini-magharibi unatuletea mikanda midogo mingi. Ukigeuka kuwa wa magharibi kabisa, mkanda mmoja mnene unakwenda juu kwenye uwanda wa Tug Hill. Redfield mwezi Februari 2007 walipata inchi 141 ndani ya siku kumi hivi. Mita tatu na nusu! Huko kuna nyumba zina mlango wa pili ghorofani, na si pambo.

Dada_Rehema – Hamburg, New York

Hodi humu. Nimeelekezwa na mtu wa kanisani. Nimehamia Septemba kutoka Houston na watoto, kazi ndiyo imenileta. Theluji nimeiona kwenye simu tu. Naomba mnieleze kama mtoto wa darasa la kwanza: ninunue nini, nifanye nini, na nitajuaje kwamba leo ndiyo leo. Mambo ya Pasifiki nimeyasoma lakini kusema kweli yamenipita.

Nesi Kendi – Buffalo, New York

Karibu sana Rehema. Mimi naitikia kama nesi, hao wengine watakuambia ya magari.

Nilikuwa zamu Krismasi ya 2022. Wengi wanaichanganya ile na theluji ya ziwani ya kawaida, lakini ilikuwa dhoruba kubwa iliyopata nguvu ghafla, na ziwa, ambalo bado lilikuwa wazi, likaongeza yake. Upepo ulivuma kwa siku nzima na nusu nyingine hivi bila kukuonyesha ng'ambo ya barabara. Uwanja wa ndege walipima zaidi ya sentimita 130. Marufuku ya kuendesha magari ilianza saa tatu na nusu asubuhi tarehe 23, wakati wengi walikuwa washatoka kwenda kazini. Ambulensi zikakwama, magari ya zimamoto yakakwama, hata mitambo ya kusukuma theluji ikakwama. Kaunti ya Erie walikufa zaidi ya watu 40.

Walikufaje? Hilo ndilo nataka ulishike. Wengine ndani ya magari yao. Wengine walitoka garini wakatembea wakapotea mtaani kwao wenyewe. Wengine nyumbani, umeme umekatika, hita imezima. Wengine moyo, wakipiga beleshi au wakisubiri ambulensi isiyoweza kufika. Waliokuwa mbali porini walikuwa wachache sana.

Sisi wodini zamu ya kuingia haikufika, kwa hivyo tulilala kwa zamu kwenye viti na tukagawana mkate wa wagonjwa. Mimi sasa kuanzia Novemba natembea na mkoba wa nguo, dawa zangu na chaja ndani ya gari.

Kwa hivyo, kabla hujanunua jaketi la bei: dawa za watoto ziwe za wiki mbili, chakula kisichohitaji kupikwa kiwepo, blanketi, tochi, na simu zichajiwe kila wakitangaza. Na tafadhali, msilete jiko la makaa ndani. Najua umeme ukikatika mtu anakumbuka jiko la nyumbani. Kule nyumba inapumua, madirisha yako wazi. Hapa nyumba imezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na ile sumu ya moshi (kaboni monoksidi) haina harufu wala rangi. Unasikia kichwa, unasikia usingizi, basi. Weka kengele ya kutambua gesi hiyo, ya betri, karibu na vyumba vya kulala.

Kibarua wa Usiku

Nesi umesema kweli. Siku hiyo ya tarehe 23 msimamizi wa ghala letu alikuwa bado anatuma meseji kwamba asiyekuja anahesabiwa mtoro. Kuna waliokwenda kwa kuogopa. Mmoja kalala kwenye kituo cha mafuta na watu asiowajua mpaka Krismasi yenyewe. Wageni ndio tunaoshikika kirahisi kwa vitisho hivyo, maana kodi ya nyumba iko kichwani.

Rehema, marufuku ya kuendesha ikitangazwa, kuivunja ni kosa la kisheria. Piga picha ya tangazo, mtumie bosi, kaa nyumbani. Iwe maandishi, usipige simu.

Kipepeo716

Rehema karibu. "Nitajuaje kwamba leo ndiyo leo" ndilo swali lenyewe la uzi huu, kwa hiyo nitachukua nafasi.

Sahau ramani ya msimu. Fuata ofisi ya Buffalo ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa. Wana ngazi tatu, na watu wanazichanganya kila mwaka. Ya kwanza inatoka siku mbili tatu kabla, inasema uwezekano upo, jiandae: hapo ndipo unakwenda dukani, kabla mkate na maziwa havijaisha. Ya pili inasema itakuja lakini ya kusumbua tu. Ya tatu ni onyo kamili: itakuja au imeshafika, na ni hatari. Ikitoka hiyo, uwe umeshapaki.

Halafu soma maneno, usiangalie rangi tu. Wanaandika upepo unatoka wapi na mkanda unatarajiwa kukaa wapi. Upepo ukitoka kusini-magharibi, mkanda unapanda upande wa katikati ya mji na kaskazini yake, kuelekea Niagara. Ukigeuka kuwa wa magharibi, mkanda unateremka: Lackawanna, Orchard Park, Hamburg, miji ya kusini. Wewe uko Hamburg, kwa hiyo neno lako ni magharibi. Ukiona wanasema mkanda utakwama hapohapo kwa saa nyingi, jua si mchezo. Unaweza kumwaga inchi tatu kwa saa, na radi juu yake. Ndiyo, radi kwenye theluji. Watoto wasiogope.

Novemba 2014 nilikuwa natoka kaskazini ya mji, jua linawaka, barabara kavu. Kusini kulikuwa na ukuta mweupe uliosimama kutoka ardhini mpaka mawinguni, umenyooka kabisa pembeni kama umekatwa kwa kisu. Nikaona magari yanaingia mle na taa zinapotea. Huku nyuma yangu watu wananunua kahawa. Lancaster na West Seneca zilipata futi tano na zaidi, mitaa ya kaskazini inchi chache. Kwenye barabara kuu ya kulipia watu walikaa ndani ya magari zaidi ya saa 24. Na Novemba 2022 ikawa zamu ya Hamburg na Orchard Park, zaidi ya futi sita na nusu, yaani mita mbili. Bills walihamishia mechi yao Detroit.

Sasa utabiri wa msimu ungekwambia nini hapo? Mji mmoja, asubuhi moja, upande huu mita mbili, upande ule kahawa.

Dada_Rehema

Mita mbili?? Hamburg hii hii?

Kipepeo716

Hiyo hiyo. Lakini haiji kila mwaka, usifunge virago. Na ikija watu wa hapa wanajua kuishi nayo, jirani atakuja na mashine yake bila kuitwa. Mpelekee maandazi.

Mpiga Debe wa Huron – London, Ontario

Wa Kanada nipo. Msitusahau, upepo ukitoka Ziwa Huron tunaoga sisi. Lucan, hapa karibu, mwaka 2010 Desemba walipata sentimita 177 kwa siku chache. Na mwishoni mwa Novemba 2024 Gravenhurst walizikwa kwa zaidi ya mita, barabara kuu ikafungwa. Siku hizohizo za Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani, na barabara kuu ya I-90 ya Erie ilifungwa, Baba Shani atasema.

Faida ya huku ni kwamba tunapima kwa sentimita, hatuhangaiki na futi zenu.

Baba Shani

Nasema. Erie tumezoea kusahauliwa, lakini Krismasi ya 2017 tulipata inchi 34 siku moja, na zaidi ya 50 kwa jumla ukiunganisha na siku za pembeni. Mke wangu alifungua mlango wa mbele, mlango ukafunguka, nje kukawa na mlango mwingine mweupe wenye alama ya kitasa. Tulitokea dirishani.

Rehema, ya magari nichukue mimi:

Matairi ya winta, yote manne, usidanganywe na mtu kwamba mawili yanatosha. Gari la kuvuta kwa magurudumu manne linakusaidia kuondoka, kusimama halikusaidii. Tenki lisishuke chini ya nusu. Ndani weka beleshi dogo, blanketi, maji, mchanga kidogo au ule wa choo cha paka, na maji ya kioo yale yasiyoganda.

Ukikwama: usitoke kutembea. Washa injini dakika kumi hivi kila saa upate joto, lakini KWANZA zibua ekzosi. Theluji ikiziba ekzosi, moshi unarudi ndani. Zibua kila mara kabla ya kuwasha, si mara moja tu, maana inajaa tena. Fungua kioo kidogo upande usio na upepo.

MamaNeema_GR

Mimi naongeza ya bili. Hapa Michigan na kule New York iko misaada ya kulipia gesi na umeme kwa familia zenye kipato kidogo. Ya New York inaitwa HEAP. Musiseme "hiyo ni ya Wamarekani". Wengi wetu tunaogopa kuomba, halafu tunafunga hita usiku, mabomba ya maji yanaganda, yanapasuka, tunalipa mara tatu. Shirika lililokupokea au kanisa watakusaidia kujaza karatasi.

Na watoto: soksi mbili ni mbaya kama kiatu kinabana. Mguu unatakiwa upumue. Mimi nilijifunza kwa mwalimu wa mtoto wangu.

Mjukuu wa Chifu

Nitie langu moja kuhusu miaka ijayo, maana kuna aliyeniuliza faragha kama dunia kupata joto kutatuondolea hii kitu. Kwa sasa inakwenda kinyume na anavyofikiri. Maziwa yanachelewa kupoa na barafu inapungua, kwa hiyo msimu ambao ziwa liko wazi unarefuka. Baadaye huenda sehemu kubwa ikaja kama mvua badala ya theluji. Lakini hapa katikati, hewa ya Aktiki ikija bado inakuta maji ya vuguvugu.

Fundi Bomba – Buffalo, New York

Nimesoma wote, hamjagusa kitu ninachoitwa nacho kila winta.

Hita nyingi za siku hizi, zile za gesi za kisasa, hazitoi moshi kwenye dohani. Zina mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotoka ubavuni mwa nyumba, moja linavuta hewa, moja linatoa moshi. Theluji ikirundikana ukutani, yanazibika. Ukiwa na bahati, hita inajizima yenyewe na unaamka nyumba imepoa. Bahati ikikukimbia, ni yale ya Nesi.

Kwa hiyo leo, kabla hakujaharibika, toka nje uzunguke nyumba uyatafute. Yakiwa chini sana, weka kijiti chenye kitambaa chekundu pembeni ili usiku wa theluji ujue pa kuchimba. Usichimbe kwa nguvu, plastiki ikiwa kwenye baridi inavunjika kama biskuti. Mita ya gesi nayo, isafishe kwa ufagio, usiipige beleshi. Na kama kuna bomba la zimamoto mbele ya nyumba yako, lichimbue. Ni wewe utakayelihitaji.

Dada_Rehema

Mungu awabariki. Nimetoka nje sasa hivi na tochi. Yapo mawili, nyuma ya nyumba upande wa magharibi, karibu na pipa la taka. Yako usawa wa magoti yangu. Nimeweka kijiti. Inatosha?

Fundi Bomba

Magotini, upande wa magharibi, Hamburg. Haitoshi. Mwandikie mwenye nyumba usiku huu, ambatanisha picha, mwambie ayapandishe kabla ya katikati ya Novemba. Ni kazi ya saa mbili na vipande vinne vya bomba. Akikuzungusha niandikie faragha nikueleze pa kumshtaki, na hilo pipa lisogeze leoleo, theluji inapenda kujikusanya nyuma yake.

Kipepeo716

Na ukishamwandikia, andika hapa amejibu nini. Uzi uko wazi mpaka Aprili. Onyo la kwanza likitoka nitaliweka hapa pamoja na upepo unakotoka.